Biashara ya dawa za MS na bei ya hatari

Jumatatu ya tarehe 28 Februari 2005, kampuni ya Biogen Idec ya Marekani na mshirika wake, Elan ya Ireland, zilitangaza kuiondoa sokoni Tysabri, dawa ya maltipo sklerosisi (MS) iliyokuwa imepata kibali miezi mitatu tu nyuma. Siku hiyohiyo hisa za Biogen ziliporomoka kwa zaidi ya asilimia 40, na za Elan kwa takriban asilimia 70. Wagonjwa watatu waliokuwa kwenye majaribio hatimaye walithibitika kupata PML, maambukizi ya ubongo yanayoletwa na kirusi cha JC, ambacho watu wengi wanacho mwilini bila habari. Wawili kati yao walifariki.

Dawa nyingine ingezikwa hapo. Tysabri ilirudi Juni 2006, baada ya wagonjwa wenyewe kusimama mbele ya washauri wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) wakiomba warudishiwe, na baadaye ikawa inaingiza karibu dola bilioni 2 kwa mwaka. Tangu hapo, usalama katika soko hili umekuwa bidhaa inayouzwa pamoja na dawa, na kampuni inayoijua hatari ya dawa yake kuliko wenzake ndiyo inayokaa sokoni muda mrefu.

MS ni ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Mtu huamka jicho moja halioni vizuri, au miguu imekufa ganzi. Baada ya wiki kadhaa anapata nafuu, kisha ugonjwa unarudi. Shirikisho la Kimataifa la MS linakadiria wagonjwa milioni 2.9 duniani, na wanawake ni zaidi ya mara mbili ya wanaume. Wengi huanza kuugua wakiwa na miaka 20 hadi 40. Kwa jicho la mhasibu, huyo ni mteja atakayedumu miaka thelathini.

Bei zinaonyesha hivyo. Dawa ya kwanza, Betaseron, ilipata kibali Marekani mwaka 1993, na ilikuwa haba kiasi kwamba wagonjwa waligawiwa nafasi kwa bahati nasibu. Dawa za kizazi hicho ziligharimu dola 8,000 hadi 11,000 kwa mwaka. Miaka ishirini baadaye, dawa zilezile zilikuwa zimefika dola 60,000 hivi. Ushindani ulipaswa kuzishusha, lakini kila dawa mpya iliingia kwa bei ya juu na za zamani zikaifuata. Teva ya Israeli iliipandisha bei dawa yake, Copaxone, mara 27, kwa hesabu ya kamati ya Bunge la Marekani. Oktoba 2024 Tume ya Ulaya ikaitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 462.6 kwa kuchezea mfumo wa hataza na kueneza taarifa za kupotosha kuhusu usalama wa dawa ya mshindani. Hofu ya madhara nayo ni silaha ya kibiashara.

Turudi kwa Tysabri, maana ndiko somo liliko. Nchini Marekani, daktari, duka la dawa, kituo cha dripu na mgonjwa, wote sharti waandikishwe kwenye mpango maalumu. Kila baada ya wiki nne, kabla dripu ya saa moja haijafunguliwa, muuguzi anasoma maswali kwenye fomu: kuna shida mpya ya kuona, kufikiri, au kusimama? Jibu likitia shaka, dripu haifunguliwi. Kisha kikaja kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili za kirusi cha JC. Asiye nazo, hatari yake ya PML ni kama mmoja kati ya 10,000. Mwenye nazo kwa wingi, baada ya miaka mitano ya dawa, huweza kufikia mmoja kati ya 100. Hatari iliyopimika namna hiyo inavumilika, na inauzika.

Kipimo hicho ni ukuta pia kwa washindani. Kampuni ya Sandoz ilipata kibali cha FDA cha kuuza dawa ya kufanana na Tysabri Agosti 2023, lakini mauzo Marekani yakachelewa huku ikisubiri kipimo chake yenyewe cha kirusi cha JC.

Dawa nyingine hazikupata nafasi ya pili. Zinbryta, ya Biogen na AbbVie, iliondolewa duniani kote Machi 2018, miaka miwili tu baada ya kuingia sokoni, kufuatia visa 12 vya uvimbe mkali wa ubongo, vitatu vikiishia kwa vifo. Nyingine zilibaki sokoni kwa masharti: Gilenya ya Novartis, kidonge cha kwanza cha MS kupata kibali Marekani, kilikuja mwaka 2010 na sharti la mgonjwa kukaa kliniki saa sita baada ya dozi ya kwanza, mapigo ya moyo yakipimwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kisa cha kufuatilia ni cha kampuni ya Roche. Dawa yake ya MS, Ocrevus, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2017 kwa dola 65,000 kwa mwaka, na sasa inaingiza zaidi ya faranga bilioni 6 za Uswisi kwa mwaka. Ndugu yake mkubwa, rituksimabu, ni ya kampuni hiyohiyo, hushambulia seli zilezile, na ilipewa kibali cha saratani ya tezi za limfu tangu 1997. Majaribio yake kwa MS yalileta matumaini, lakini kibali cha MS hakikuombwa, hataza ikiwa inakaribia kuisha. Sweden haikusubiri; madaktari wake waliiandika kwa wingi bila kibali hicho. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani likaiweka, pamoja na dawa nyingine za MS, kladribini na glatirama, kwenye orodha ya dawa muhimu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dawa za MS kuingia humo.

MS ni adimu karibu na ikweta, ingawa pasipo MRI wala daktari wa neva, wengine hawahesabiwi kabisa. Rituksimabu imekwishazoeleka katika tiba ya saratani, na nakala zake zimeshusha bei. Hesabu iliyobaki ni ya vipimo. Dawa hii huweza kuamsha homa ya ini aina B iliyolala, na maambukizi hayo kwetu si machache. Kifua kikuu nacho kinahitaji kuchunguzwa mapema, na kiwango cha kingamwili kwenye damu kifuatiliwe mwaka hadi mwaka. Mgonjwa anayekutwa na homa ya ini huanzishiwa kwanza dawa ya kuidhibiti, mara nyingi tenofovir, ambayo kliniki za VVU za ukanda huu zimeizoea kwa miaka mingi na bei yake ni ndogo.