Simu Ikipotea, Siri Zisipotee Nayo

Katika miji ya mpakani kama Busia, Malaba na Mutukula, simu ya mkononi imekuwa daftari, mkoba na sanduku la nyaraka kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa, na wengi wetu tumepiga picha ya kitambulisho hicho tukaihifadhi simuni. Mchuuzi mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani huweka humo pia picha ya hati rahisi ya asili ya bidhaa. Katibu wa kikundi cha akiba huweka majina ya wanachama na madeni yao. Kwa hiyo simu inapoibwa, bei ya kifaa huwa ni sehemu ndogo ya hasara. Hasara kubwa ni kwamba mgeni sasa anajua jina lako, wadaiwa wako na jamaa zako, na anaweza kuwapigia akijifanya wewe.

Makala haya yanaeleza kinga moja ambayo wananchi wengi tayari wanayo bila kujua, nayo ni usimbaji fiche wa taarifa zilizohifadhiwa ndani ya simu.

Maana yake

Kusimba taarifa kwa njia fiche ni kuzigeuza kwa hesabu maalumu zisisomeke na yeyote asiye na ufunguo. Mwizi akiifungua simu iliyosimbwa na kuisoma kumbukumbu yake kwa mitambo, hukuta mchanganyiko wa alama zisizo na maana. Hesabu inayotumiwa sana kwa kazi hii huitwa AES. Serikali ya Marekani iliifanya kuwa kiwango rasmi mwaka 2001, na leo inatumika duniani kote.

Simu za iPhone hufunga taarifa nyingi za mwenye simu kwa namba yake ya siri tangu toleo la iOS 8 la mwaka 2014. Kwa simu za Android, toleo la 6 la mwaka 2015 liliwataka watengenezaji wasimbe simu mpya zenye nguvu ya kutosha. Simu za bei nafuu zilibaki nyuma, kwa kuwa vichakato vyake vilikuwa dhaifu na kazi hiyo ingezichelewesha. Mwaka 2019 Google ilitoa njia nyepesi zaidi iitwayo Adiantum, na kuanzia Android 10 ya mwaka huohuo kila simu mpya inatakiwa kusimbwa, hata ile ya bei ya chini. Mwenye simu ya zamani atazame sehemu ya usalama katika Mipangilio ili ajue kama yake imesimbwa. Simu ndogo za vitufe kwa kawaida hazina kinga hii, kwa hiyo tusiweke siri ndani yake.

Ufunguo ni namba yako ya siri

Simu huunda ufunguo kwa kuunganisha namba yako ya siri na siri nyingine iliyofichwa ndani ya kifaa chenyewe. Simu isiyo na namba ya siri ni sawa na sanduku la chuma lenye ufunguo unaoning'inia mlangoni, kwani imesimbwa lakini humfungukia yeyote aishikaye.

Namba ya tarakimu 4 ina mipangilio 10,000, na ya tarakimu 6 ina 1,000,000. Simu nyingi huchelewesha anayekosea mara kwa mara, kwa hiyo kubahatisha mipangilio milioni moja ni kazi ya kukatisha tamaa. Hata hivyo, aliyetumia mwaka wake wa kuzaliwa amempunguzia mwizi kazi hadi majaribio machache, hasa ikiwa mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho kilichoibwa pamoja na simu.

Wakati sanduku likiwa wazi

Jambo hili ndilo tunaloomba lizingatiwe kuliko mengine yote. Simu ikizimwa kisha ikawashwa, funguo za taarifa nyingi hubaki zimefungwa hadi mwenyewe aandike namba yake. Akishaiandika mara moja, funguo hizo nyingi hukaa tayari ndani ya kumbukumbu ya kazi hata kioo kikijifunga, mpaka simu izimwe tena. Simu iliyozimwa ina kinga imara zaidi kuliko simu iliyofungwa kioo tu.

Kwa wakazi wa mpakani jambo hili lina maana ya kila siku. Wengi huacha simu kwenye vibanda vya kuchajia na kuzifuata jioni. Zima simu kabla ya kuikabidhi. Fanya vivyo hivyo unapoipeleka kwa fundi, maana kubadilisha kioo au betri hakuhitaji namba yako ya siri. Fundi akitaka kuijaribu simu baada ya matengenezo, iwashe na kuifungua mwenyewe ukiwa hapohapo.

Mporaji anayenyakua simu mkononi huipata ikiwa wazi, na hapo usimbaji hausaidii kitu. Weka kioo kijifunge baada ya sekunde 30, na uweke kufuli la pili kwenye programu za fedha na za ujumbe zinazoruhusu.

Mahali kinga hii isipofika

Kwanza ni kadi ya simu. Mwizi anaweza kuichomoa na kuitia katika simu nyingine, akapokea jumbe zako pamoja na namba za uthibitisho. Kadi ina namba yake ya siri, tofauti na ile ya simu, nayo huwekwa katika Mipangilio. Atakayekosea mara 3 huzuiwa hadi apate namba ya PUK yenye tarakimu 8.

Pili ni kadi ya kumbukumbu. Mara nyingi kadi hiyo haisimbwi, na atakayeitia katika kompyuta atasoma kila kitu. Picha za vitambulisho zisikae humo.

Tatu ni mafaili ya pamoja. Kila programu ina chumba chake ndani ya simu ambacho programu nyingine haziingii. Lakini picha zilizohifadhiwa katika matunzio huwa katika ukumbi wa wote, na programu yoyote uliyoiruhusu huweza kuziona. Usikubali ombi la ruhusa bila kulisoma.

Nne ni nakala zinazohifadhiwa mtandaoni. Wengi wanajua kwamba WhatsApp imesimba mazungumzo ya watumiaji wote tangu mwaka 2016. Usimbaji huo hulinda ujumbe unaposafiri. Ukishafika simuni hulindwa na kufuli la simu yako, na nakala yake ya mtandaoni huhitaji kinga yake, ambayo WhatsApp imeitoa kwa hiari tangu mwaka 2021.

Polisi na siri za raia

Huenda mtu akajiuliza kama kuifunga simu kwa namna hii kutamfanya atiliwe shaka. Jibu letu ni hapana. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda inalinda faragha ya nyumba ya mtu, mawasiliano yake na mali yake. Penye uchunguzi wa makosa ya kompyuta, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inampa hakimu mamlaka ya kutoa hati ya upekuzi. Anayekuja kuripoti wizi hahitaji kumtajia askari namba yake ya siri. Anayekupigia simu akijitambulisha kuwa ni polisi na kukuomba namba hiyo, mkatalie na uje kituoni kutoa taarifa.

Makatibu wa vikundi nao wakumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu wengine achukue hatua za kuzilinda. Orodha ya wanachama ni amana waliyomkabidhi katibu, hata kama imo ndani ya simu aliyoinunua kwa fedha zake.

Kinga hii ina gharama yake. Ukiisahau namba yako ya siri, taarifa zilizosimbwa hupotea, wala fundi hana uwezo wa kawaida wa kuzirudisha, wala sisi. Kwa hiyo nakili mambo muhimu mahali pengine salama, na daftari la karatasi lililofungiwa sandukuni bado lina kazi yake.

La kufanya leo

1. Weka namba ya siri ya tarakimu 6 au zaidi, isiyo mwaka wa kuzaliwa.
2. Weka namba ya siri ya kadi ya simu.
3. Hamisha picha za vitambulisho kutoka kadi ya kumbukumbu.
4. Zima simu kabla ya kumkabidhi mchajishaji au fundi.
5. Bonyeza *#06#, uandike namba ya IMEI yenye tarakimu 15 kwenye karatasi, na uitunze nyumbani pamoja na risiti ya ununuzi.

Simu ikiibwa, ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na namba hiyo ya IMEI, au piga 999 au 112. Ikiwa imeibwa ng'ambo ya mpaka, ripoti kwanza kwa polisi wa upande huo, kisha utuletee nakala ya taarifa uliyopewa. Mjulishe pia mtoa huduma wako ili kadi ifungwe mara moja, na uwaarifu jamaa na wanachama wa kikundi chako wasipokee maombi ya fedha yanayotoka katika namba hiyo.