Je, Wajua? Chakula kipya kwa mtoto mwenye tumbo la masharti

Je, wajua kwamba hadi leo tiba ya ugonjwa wa seliaki ni chakula tu? Mtoto mwenye ugonjwa huu akila ngano, shayiri au rai, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba kwa sababu ya protini iitwayo gluteni. Vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula ndani ya utumbo huo hunywea na kufutika. Mtoto anakula na haongezeki uzito, tumbo limejaa, anaharisha mara kwa mara, damu inapungua. Gluteni ikiondolewa kabisa, utumbo hujijenga upya, ingawa huweza kuchukua miezi mingi.

Je, wajua kwamba Dk. Samuel Gee wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, aliuzungumzia ugonjwa huu katika mhadhara wa tarehe 5 Oktoba 1887, na kusema kwamba mgonjwa akipona, atapona kwa chakula? Ngano hakuijua kuwa ndiyo kisa. Alimtaja mtoto mmoja aliyelishwa kome wa Uholanzi, zaidi kidogo ya lita moja kila siku, akanawiri ajabu. Msimu wa kome ulipokwisha, akarudi kudhoofika. Msimu uliofuata wakaletwa kome wale wale, mtoto akakataa katakata. Mzazi anayepika chakula cha masharti atamwelewa mtoto huyo mara moja: alichoshwa.

Je, wajua kwamba mwaka 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba ndizi mbivu zinawaponya watoto hawa? Aliwalisha ndizi kwa wingi, akawakataza mkate, na wakapona. Dunia ikaamini kuwa ndizi ndiyo dawa. Kumbe kilichowaponya ni mkate ambao haukuwepo mezani. Kosa hilo lilikuwa na gharama, kwa sababu watoto waliodhaniwa wamepona walirudishiwa mkate, na ugonjwa ukaendelea kimyakimya.

Aliyefumbua fumbo ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa The Hague. Ngano alianza kuishuku tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kubwa ya Uholanzi ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, magharibi mwa nchi kukiwa bado mikononi mwa majeshi ya Ujerumani na mkate haupatikani. Watoto wenzao wanadhoofika, watoto wenye seliaki wanapata nafuu! Mkate uliporudi, nao wakaanza kuugua upya. Dicke aliandika tasnifu yake mwaka 1950 katika Chuo Kikuu cha Utrecht, na kwa sababu ya kazi hiyo mtoto mwenye seliaki hana tena haja ya kuishi kwa ndizi.

Je, wajua kwamba seliaki si ugonjwa wa Wazungu peke yao? Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta asilimia 5.6 ya watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi wanao, kiwango kikubwa kuliko kile kinachoonekana Ulaya. Ngano ni chakula chao kikuu.

Je, wajua kwamba ukiiondoa ngano kabla ya kipimo, unaharibu kipimo? Kipimo cha damu hutafuta askari wa mwili walioamshwa na gluteni. Mtoto asipoila kwa muda, askari hao hupungua na majibu yanaweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa hali anao. Pima kwanza, ondoa baadaye. Hili ningependa liandikwe ukutani katika kila kliniki ya watoto.

Je, wajua kwamba jikoni kwetu tumebarikiwa? Ugali wa mahindi, wali, muhogo, viazi vitamu, ndizi za kupika, mtama, uwele na ulezi havina gluteni kwa asili yake. Maharage, dagaa, mayai, nyama na mboga za majani pia. Mtoto mwenye seliaki anaweza kula karibu kila kitu ambacho bibi yake alikula utotoni.

Tatizo linaanzia njiani, kabla chakula hakijafika sahanini. Unga wa uji wa lishe unaouzwa dukani mara nyingine umechanganywa na ngano, kwa hiyo soma pakiti yote, hata maandishi madogo ya ubavuni. Mashine ya kusagia iliyotoka kusaga ngano ya jirani hubakiza vumbi lake, na vumbi hilo litashuka na ulezi wako. Kibao cha kusukumia chapati hunasa unga kwenye nyufa za mbao. Mafuta yaliyokaanga maandazi asubuhi, yakikaanga viazi mchana, viazi hivyo havimfai tena mtoto huyu. Kiwango cha kimataifa kinachoruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni ni miligramu 20 tu kwa kilo moja. Kiasi hicho ni kidogo mno, jicho haliwezi kukiona. Kwa hiyo mpe mtoto sufuria yake, mwiko wake na chujio lake, na mpishi wa nyumba aelezwe sababu, asipewe amri tu.

Je, wajua kwamba kwa mtoto yeyote mwenye tumbo la masharti chakula kipya huanzishwa kimoja kimoja, na kinachofuata husubiri siku tatu hadi tano? Ukimpa mtoto boga, samaki na parachichi Jumapili moja, Jumatatu akiharisha utamlaumu nani? Anza asubuhi, siku ambayo mtoto ni mzima, hana homa, hana mafua, hajatoka kuchanjwa. Asubuhi kwa sababu dalili zikija utaziona mchana, si usiku wa manane.

Na uandike. Daftari la kurasa arobaini linatosha. Mfano wa siku moja: "Jumanne, saa tatu asubuhi. Boga la kuchemsha, limemenywa, limepondwa, kijiko kimoja cha chai. Saa sita choo laini, rangi ya kawaida. Saa kumi ametapika kidogo, alikuwa amekimbia kwenye jua kali. Usiku amelala vizuri." Sentensi ile ya jua kali ni ya thamani, kwa sababu bila hiyo boga lingefutwa kwenye orodha bila kosa. Nimeona orodha za vyakula vilivyokatazwa ambazo hakuna mtu nyumbani anayekumbuka ni nani aliyevikataza wala kwa nini. Daftari huzuia hilo. Siku ya pili vijiko vinakuwa viwili, siku ya tatu vinne, na daktari au mtaalamu wa lishe akiliona anafanya kazi yake kwa haraka zaidi.

Je, wajua kwamba chakula kile kile kinaweza kukubalika kwa namna moja na kukataliwa kwa nyingine? Karoti iliyomenywa, ikachemshwa hadi ikalainika na kupondwa, ni kazi nyepesi kwa utumbo uliochoka. Karoti mbichi ni kazi nyingine kabisa. Ndizi nayo inapoiva, wanga wake hugeuka kuwa sukari nyepesi, ndiyo maana lishe ya masharti iliyoanzishwa na Haas, na baadaye kuenezwa na Elaine Gottschall ambaye binti yake alitibiwa na Haas, hutaka ndizi yenye madoa meusi. Kabla hujasema "hapatani na karoti", jiulize alipewa karoti ipi.

Je, wajua kwamba hata mchele una watoto wasiopatana nao? Ipo hali ambapo mtoto mchanga hutapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya kula chakula fulani, akalegea na kupauka, bila vipele wala kuvimba midomo. Maziwa ya ng'ombe, soya, oti na mchele ni miongoni mwa vyakula vinavyoongoza. Kwa kuwa mchele husifiwa kuwa mpole kwa tumbo, wazazi huushuku mwisho. Mtoto akilegea hivyo, usingoje kesho, mpeleke hospitali.

Je, wajua kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakikubali? Kati ya miaka miwili na sita woga wa chakula kigeni ni sehemu ya kukua, na kwa mtoto ambaye chakula kimewahi kumuumiza, woga huo una sababu. Asilazimishwe. Aone wengine wakila, akiguse, akinuse, akiteme akitaka. Kumshika pua mtoto na kummiminia uji kunamfundisha kuiogopa meza.

Je, wajua kwamba kuhara kwa muda mrefu kunaweza kumfanya mtoto ashindwe na maziwa kwa wiki kadhaa tu? Utumbo ulioumia hukosa kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Ukipona, kimeng'enya hurudi. Mtindi huvumilika mapema zaidi kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo. Maziwa ya mama hayakatizwi.

Je, wajua kwamba watoto wenye ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, hupewa maziwa maalumu ya lishe pekee, bila chakula kingine, kwa wiki sita hadi nane, na kwa wengi wao uvimbe huo hutulia? Kisha chakula hurudishwa polepole. Wengi husema kurudi huko ndiko kugumu.

Je, wajua kwamba kukataza bila sababu nako kuna hatari yake? Katika utafiti uliofanyika London na kutolewa mwaka 2015, watoto wachanga waliokuwa katika hatari ya mzio waligawanywa, wengine wakala karanga mapema, wengine wakazuiwa. Walipofika miaka mitano, waliokula walikuwa na mzio wa karanga pungufu kwa takriban asilimia 80 kuliko waliozuiwa. Miaka mingi wazazi walikuwa wameshauriwa kinyume chake. Mtoto ambaye tayari ana mzio, au ana ukurutu mkali, asijaribiwe karanga nyumbani bila daktari.

Je, wajua kwamba sheria za Kenya na Tanzania zinataka unga wa ngano wa viwandani uongezewe madini na vitamini, yakiwemo madini ya chuma na folati? Mtoto anayeacha mkate anaacha na nyongeza hiyo, na unga wa muhogo au mtama uliosagwa mtaani hauna. Maini, maharage, dagaa na mchicha vizibe pengo hilo.

Je, wajua ni nani huvunja masharti mara nyingi? Ni watu wenye upendo. Shangazi aliyekuja na biskuti, mwalimu aliyegawa keki ya siku ya kuzaliwa, jirani aliyetoa kaimati jioni ya Ramadhani. Waambie kabla, kwa maneno machache, na mpe mtoto kitu chake cha kushika: mkate wa kumimina wa mchele, kashata, karanga kama anaziweza. Asikae peke yake huku wenzake wanatafuna.

Je, wajua kwamba shahidi mkubwa kuliko wote ni kadi ya kliniki? Mstari wa uzito ukipanda, lishe inafanya kazi hata kama mtoto anakula vitu vichache. Ukilala au kushuka, hata orodha nzuri namna gani haifai na lazima ibadilishwe. Damu kwenye choo, kutapika nyongo, homa isiyoisha au mtoto asiyekojoa, usiviandike daftarini ukasubiri, nenda hospitali.

Ngano kwa mwenye seliaki haitarudi maisha yake yote. Lakini vyakula vingine vingi viliondolewa kwa muda tu, na muda huo haukuandikwa popote. Kama mwanao yuko kwenye lishe ya masharti, nenda kliniki ijayo na orodha yote ya alivyokatazwa, na kwa kila kimoja muulize daktari au mtaalamu wa lishe: hiki kitarudi lini?