Kwa Nini Kampuni Zihamie Dongo Kundu?
Kampuni inayohamia Dongo Kundu, Likoni, hufuata kodi nafuu kwanza. Chini ya Sheria ya Maeneo Maalum ya Kiuchumi ya 2015, kampuni yenye leseni hulipa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, kisha asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata. Kampuni za kawaida hulipa asilimia 30. Bandari nayo iko jirani.

Lakini kiwanda hakiendeshwi kwa kodi nafuu pekee. Kinahitaji maji, na Mombasa hutegemea chemchemi za Mzima na Marere na visima vya Baricho, vyote nje ya kaunti. Ndiyo maana bwawa la Mwache, Kwale, linamhusu mwekezaji na vilevile mama wa Likoni anayenunua maji kwa mtungi.