Kibali cha Kuishi Si Leseni ya Biashara: Mambo Yanayowahusu Wageni na Wenyeji Wao

Tangu Amri ya kupiga marufuku baadhi ya biashara kwa watu wasio raia ilipoanza kutumika tarehe 28 Julai 2025, wakazi wengi wamekuwa na maswali. Wenye fremu huuliza iwapo wapangaji wao wageni wanapaswa kuondoka. Wanandoa ambao mmoja wao si raia huuliza iwapo duka la familia litafungwa. Wapo pia vijana walioombwa majina yao yatumike katika leseni ya mtu mwingine, nao wangependa kujua kama kuna hatari. Makala haya yanaeleza sheria inavyosema, ili kila mmoja ajue anaposimama.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba mgeni huhitaji ruhusa za namna tatu, na kila moja hutolewa na mamlaka yake. Ruhusa ya kuishi nchini hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Ruhusa ya kufanya kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi. Leseni ya biashara hutolewa na BRELA kwa biashara za kundi A, na na halmashauri kwa biashara za kundi B. Mwenye ruhusa moja hajapata nyingine. Mashauri mengi huanzia hapo: mtu huonyesha kibali halali cha ukaazi, akadhani kinatosha kufungulia duka.

Ruhusa ya kuishi

Chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, vibali vya ukaazi ni vya madaraja matatu. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri. Daraja B ni la walioajiriwa. Daraja C huwahusu wengine, wakiwemo wanafunzi, watafiti na wamisionari. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wana nafuu yao: Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inawawezesha kupewa bila ada pasi ya kuingia na kukaa kwa muda usiozidi miezi 6. Pasi hiyo ni ya matembezi. Haimpi mwenye nayo haki ya kuajiriwa wala ya kufungua genge.

Mgeni mkaazi halali anaweza pia kusajiliwa na NIDA na kupewa kitambulisho cha mgeni mkaazi. Kitambulisho hicho kinathibitisha utambulisho wake. Hakimfanyi kuwa raia.

Ruhusa ya kufanya kazi

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka kila asiye raia awe na kibali cha kazi kabla ya kuanza kazi, iwe ameajiriwa au amejiajiri. Mwajiri anayemwombea mgeni kibali anapaswa kuonyesha namna atakavyomrithisha Mtanzania ujuzi huo, kwa kuwa msingi wa sheria ni kwamba mgeni huja kuziba pengo la utaalamu kwa muda. Mwenye shule, zahanati au karakana anayemwajiri mgeni asiye na kibali naye anatenda kosa.

Ruhusa ya kufanya biashara

Hapa ndipo palipobadilika. Amri ya mwaka 2025, iliyotolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, imetaja aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Zinazogusa zaidi kata zetu ni hizi:

- biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na maduka maalumu ya jumla yanayohudumia wazalishaji wa ndani;
- uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu;
- ufundi wa simu na vifaa vya kielektroniki;
- saluni, isipokuwa zilizo hotelini au za huduma za utalii;
- usafi wa nyumba, ofisi na mazingira;
- uchimbaji mdogo wa madini;
- ununuzi wa mazao shambani;
- udalali na uwakala wa biashara na wa majengo;
- viwanda vidogo.

Asiye raia aliyekuwa na leseni halali kabla ya Amri anaruhusiwa kuendelea hadi leseni hiyo itakapokwisha muda. Baada ya hapo haitahuishwa. Kwa hiyo mwenye fremu hana sababu ya kumtoa mpangaji mwenye leseni hai, lakini ni busara kuisoma tarehe ya mwisho ya leseni hiyo kabla ya kupokea kodi ya mwaka mzima.

Anayekiuka Amri anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi.

Anayeazima jina lake

Amri haikumwacha raia. Mtanzania anayemsaidia asiye raia kufanya biashara zilizokatazwa anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Wanaoponzwa na jambo hili mara nyingi ni watu wa kipato cha chini, wanaopewa fedha kidogo kila mwezi ili jina na namba yao ya mlipakodi vitumike. Mbali na adhabu hiyo, madeni ya kodi yatakayotokana na biashara humrudia mwenye jina, ilhali faida ilikwenda kwingine. Asiyetaka kulipa deni la mwenzake asiandike jina lake kwenye biashara asiyoimiliki.

Ndoa, uraia na ardhi

Ndoa na Mtanzania haimfanyi mgeni kuwa raia papo hapo. Kwa mujibu wa Sheria ya Uraia, Sura ya 357, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia wa tajnisi kwa msingi wa ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hutumia njia ya kawaida ya tajnisi. Njia hiyo inamtaka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya maombi, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Aidha, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na aukane uraia wake wa awali. Mpaka atakapopewa uraia, Amri ya biashara inamhusu. Duka linaweza kuwa la mwenzi aliye raia, mradi liwe lake kwa kweli na yeye ndiye aliendeshaye.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji ulioidhinishwa. Mauziano ya kiwanja kwa mgeni yaliyoandikwa kwenye karatasi na kushuhudiwa na majirani hayampi mnunuzi haki anayodhani ameinunua.

La kufanya

Mgeni ambaye leseni yake inakaribia kwisha afike kwa Afisa Biashara wa halmashauri kabla ya siku hiyo, akiwa na leseni, kibali cha ukaazi na kibali cha kazi. Masuala ya ukaazi na uraia yapelekwe Ofisi ya Uhamiaji. Ada za serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Anayedai fedha mkononi ili "asaidie" apewe jibu moja tu, nalo ni hapana.

Mkazi mwenye shaka juu ya biashara fulani atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kata au kwa Afisa Biashara. Hakuna mwananchi aliyepewa mamlaka ya kukagua vibali vya jirani yake, kumfungia duka au kumfukuza. Ikumbukwe pia kwamba katika kata za nchi hii wapo Watanzania wengi ambao lafudhi au sura zao huwafanya wadhaniwe wageni.