Islii Si Maduka Peke Yake

Mtu wa Garissa akisema, "Nakwenda Nairobi," mara nyingi maana yake ni kwamba anakwenda Islii. Basi humshusha huko baada ya safari ya kilomita 370 hivi kupitia Mwingi na Thika. Hununua nguo au simu, huwaamkia jamaa zake, hulala usiku mmoja, na kesho yake yumo njiani kurudi. Akiulizwa ameona nini, hutaja maduka. Nami nilikuwa mmoja wa hao kwa miaka mingi, hata safari yangu ya mwisho nilipofuatana na jirani yangu, mzee aliyechunga ngamia tangu utoto wake, aliyekuwa akienda arusini kwa mjukuu wake.

Maduka yenyewe yana hadithi yake, na hadithi hiyo inatuhusu sisi wa Garissa kwa jina. Mtaa ulianzishwa mwaka 1921, ukakaliwa na Wahindi wengi, na pamoja nao Wasomali waliokuwa wafanya biashara ya mifugo na askari wa zamani. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi wengi walikuja hapa. Palikuwa na nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge, nao wakapanga vyumba vyake. Mchana chumba kilikuwa duka, bidhaa zimetandazwa kitandani. Usiku bidhaa zikasukumwa chini ya kitanda, mwenyewe akalala. Majumba ya ghorofa yaliyojaa barabara siku hizi yalifuata mfano wa vyumba vile.

Lakini msomaji asidhani kwamba watu walibeba nguo na saa tu katika safari ile. Walibeba pia mashairi, nayo hayana uzito.

Nilijua jambo hilo usiku wa arusi. Islii haina jumba kubwa la michezo ya kuigiza. Kumbi za hoteli ndizo majumba yake ya sanaa. Humo wanawake hukusanyika kwa buraanbur, yaani utungo wa wanawake wa Kisomali, ambao huimbwa kwa ngoma na makofi huku mmoja baada ya mwingine akiingia katikati kucheza. Mtunzi humsifu bibi arusi na ukoo wake, na akipenda huchoma maneno mahali panapostahili. Sisi wanaume tulikaa ukumbi wa nje, tukiletewa harufu ya udi na sauti peke yake. Mzee alisikiliza kwa kuinamisha kichwa. Mara akacheka, akaniambia kwamba yule mama ametaja visima vya upande wa Wajir ambavyo vijana waliokuwa pale hawajapata kuviona. Mimi, ambaye Kisomali changu ni cha ofisini, nilipitwa na karibu yote.

Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na pambo: kibanda cha mikeka kwa mfano wa aqal, ile nyumba ambayo wanawake wa wafugaji huisuka, huijenga, huibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Ndani yake palikuwa na vyombo vya maziwa vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi, kazi ya mikono ambayo haivujishi hata tone. Vijana walipigwa picha mbele yake. Mzee alitwaa chombo kimoja, akafungua kifuniko, akatia pua ndani, akanusa.

"Hakina moshi," akasema.

Msichana mmoja akamwuliza, "Moshi gani, awowe?" maana ndivyo wanavyomwita babu. Naye akamweleza kwamba chombo cha maziwa hufukizwa kwa vijiti vinavyowaka kabla ya kutiwa maziwa, ili yasiharibike upesi na yapate ladha yake. Msichana huyo hunywa maziwa ya ngamia kila siku, yale yanayoletwa na mabasi kutoka Isiolo katika madumu ya plastiki, wala hakujua habari hiyo. Sikumwona mjinga, amesoma kunipita. Ila hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Asubuhi yake ndipo nilipotaka kumwonyesha mzee Kituo cha Awjama. Kilianzishwa Islii katika miaka ya 2010 kwa ajili ya vitabu, mashairi na vitu vya kale vya Wasomali, nacho kimepewa jina la Aw Jama Omar Isse, aliyefariki mwaka 2014. Mtu huyo alizunguka kwa wazee akikusanya mashairi ya Sayyid Mohamed Abdille Hassan, yule aliyepigana na Waingereza kwa miaka ishirini hivi hata mwaka 1920. Kisomali kilipata alfabeti rasmi mwaka 1972. Miaka miwili baadaye, 1974, diwani ile ikachapishwa Mogadishu. Kabla ya hapo mashairi mengi yaliwekwa vifuani mwa watu tu, na kifua huzikwa. (Kwa kuwa nasema juu ya watu wa sanaa, niongeze kwamba Mohamed Amin, mpiga picha aliyeuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alizaliwa Islii mwaka 1943. Nimeuliza vijana wanne barabarani. Mmoja tu alilijua jina lake.)

Lakini hatukufika kituoni siku ile. Tulipokuwa tukinywa chai, msichana wa jana alikuja na wenzake watatu, akaweka simu yake mezani, akamwomba mzee aanze tena habari ya moshi, pole pole. Mzee akakohoa, akauliza kama chombo hicho kinasikia Kisomali cha porini. Akaeleza moshi, kutoka moshi akaingia katika majina ya miti, kutoka miti akaingia katika gabay ya marehemu baba yake, ambayo mwenyewe alikiri kwamba sehemu yake ya mwisho imempotea. Akarudia mara tatu akiitafuta.

Basi letu la kurudi Garissa liliondoka saa nne bila sisi.