Mkono unaotetemeka si laana



Hapa kwetu Kakontwe, Likasi, mzee mmoja aliacha kuja kwenye Meza ya Bwana. Mkono wake wa kuume ulitetemeka, kikombe kikamwagika, na watu wakanong'ona. Wengine walisema ni pombe, wengine kwamba amerogwa. Nilipomtembelea aliniambia, "Mchungaji, mimi sinywi." Ndiyo maana ninaandika.

Daktari alimwambia ana ugonjwa wa Parkinson, ulioitwa kwa jina la daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyeueleza mwaka 1817. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kitu kinachosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Seli hizo zikifa, mkono hutetemeka hata ukiwa umepumzika, viungo hukakamaa, na hatua huwa fupi. Wazee wetu wanamkumbuka Muhammad Ali, aliyemshinda George Foreman kule Kinshasa, Oktoba 30, 1974. Mwaka 1984, akiwa na miaka 42, aliambiwa ana ugonjwa huu.

Sehemu za ubongo hupelekeana habari, kama viungo anavyovieleza Paulo katika 1 Wakorintho 12: hakuna kinachojitosheleza. Katika Parkinson mawasiliano hayo huharibika. Makundi ya seli hushikilia mdundo mmoja kupita kiasi, kama kwaya iliyokwama kwenye noti moja, na wimbo hauendelei.

Dawa ya levodopa hurudisha dopamini kwa kiasi. Baada ya miaka, nguvu yake inaweza kupanda na kushuka ndani ya siku moja. Kwa wagonjwa wa namna hiyo kuna upasuaji ulioanzishwa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987 na Profesa Alim-Louis Benabid na wenzake: waya mwembamba huingizwa ndani ya ubongo na kupeleka umeme kidogo, ili kuvunja ule mdundo uliokwama.

Lakini haumfai kila mgonjwa. Madaktari huangalia kama levodopa bado inamsaidia, na kama akili na kumbukumbu ziko imara. Watafiti hupiga pia picha za MRI, kwa sababu mawasiliano ya ubongo hayafanani kwa wagonjwa wote, na faida hutegemea waya umegusa njia zipi. Hata ukifaulu, upasuaji hupunguza dalili tu, hauponyi ugonjwa.

Upasuaji huo haufanyiki hapa Likasi. Hata hivyo yapo tunayoweza kufanya. Tumpeleke mgonjwa hospitali mapema. Tusimwambie atupe dawa kwa sababu tumemwombea. Kuziacha ghafula ni hatari. Tuombe, naye aendelee kumeza dawa.

Katika Yohana 9 wanafunzi walitafuta mwenye dhambi, Yesu akakataa hesabu hiyo. Nasi tuikatae.

Jumapili iliyopita mzee wetu alirudi. Shemasi alimshikia kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Hakuna aliyenong'ona.

Bwana awabariki.