Kiungo cha Plastiki Huharibikia Kwenye Kupoa

Ukitoka mtaa wa Lawrence Heights, nchini Canada, ukavuka barabara kuu ya 401 kwenda kaskazini, unaingia Downsview, ambako De Havilland Canada ilianza kuunda ndege mwaka 1929. Uwanja wa ndege wa hapo ulifungwa 2024, ila Chuo cha Centennial kinafundisha ufundi wa ndege katika jengo la zamani la kampuni hiyo tangu 2019. Kijana wa mtaani anayeitamani kazi hii ajue kwamba riveti na gundi sasa zina mshindani: kuchomelea plastiki iliyoimarishwa kwa kaboni. Ndege ya Gulfstream G650 tayari inaruka na sehemu za mkia zilizounganishwa hivyo.

Plastiki hizi, tofauti na epoksi, zikipata moto huyeyuka na zikipoa hukaza tena. Aina iitwayo PPS huyeyuka kwenye joto la Selsiasi 280 hivi; iitwayo PEEK, 343. Lakini joto peke yake halitoshi. Nyuso mbili zinazoonekana laini zina mabonde na vilima vidogo mno, na shinikizo ndilo linalozikutanisha. Zikishakutana, minyororo ya molekuli huvuka mpaka na kusukana na ya upande wa pili, na hilo lahitaji muda. Moto ukizidi, plastiki huungua au hukamuliwa nje, kaboni ikabaki kavu.

Njia mojawapo ya kuchomelea, iliyochunguzwa sana na Martine Dubé wa École de technologie supérieure, Montréal, ni kuweka wavu wa chuma kisichoshika kutu katikati ya vipande viwili na kuupitishia umeme. Tatizo lake liko pembeni: wavu uliochomoza hewani haupati pa kumwaga joto, hivyo kingo zaweza kuungua kabla katikati hapajayeyuka.

Kosa ninaloliona baya zaidi huja mwishoni. Shinikizo likiachiwa plastiki ikiwa bado laini, kaboni iliyobanwa hufumuka na vitundu hujitokeza ndani. Kwa nje hakuna dalili. Vuta kiungo mpaka kikatike, kisha tazama pale kilipoachana: uso laini unaong'aa maana yake vipande viligusana tu, kaboni iliyong'oka na kuchanikachanika maana yake viliungana kweli.

Basi ukiingia karakana, usiishie kuuliza mashine ilifikia joto gani. Uliza plastiki ilikuwa na joto gani shinikizo lilipoachiwa.